Kausha kwanza, funga baadaye: samani zinazokwenda ng'ambo kwa meli

Swali: Shikamoo mtaalamu. Miezi mitatu ijayo familia yetu inahamia nchi nyingine, na vitu vya nyumbani vitakwenda kwa meli. Tumeambiwa vitakaa kwenye kontena kama wiki sita. Tuna meza ya chakula ya mbao ngumu niliyoachiwa na mama na viti vyake sita, makochi ya ngozi, kabati kubwa la chipubodi, friji, mashine ya kufulia na vitabu vingi. Ili kupunguza gharama nimeshanunua roli za plastiki, na nataka kuanza kufunga mwenyewe tangu sasa, kitu kimoja kimoja. Je, nianze na kipi, na meza ya mama niifungeje isivunjike?

Jibu: Marahaba, dada. Kwanza nakuomba uziache hizo roli za plastiki hapo zilipo. Unahofia kuvunjika, na karibu kila anayeniuliza huwa na hofu hiyo hiyo. Lakini meza ya mbao ngumu iliyotolewa miguu na kufunikwa vizuri haivunjiki kirahisi. Kinachoiharibu safarini ni maji, na sehemu kubwa ya maji hayo haitoki baharini. Tunayapakia wenyewe, yakiwa ndani ya mbao, ndani ya katoni, ndani ya godoro na ndani ya zulia lililofuliwa juzi.

Kontena la futi 20 lina ujazo wa ndani wa mita za ujazo 33 hivi. Hewa yote iliyomo, hata ikiwa na joto la nyuzi 30 na unyevu mwingi, haifikishi lita moja ya maji. Sasa tazama mbao: tani moja ya mbao ikishuka kutoka unyevu wa asilimia 15 hadi 12 inatoa lita 30 hivi. Mchana jua hulichoma bati la kontena, na unyevu hutoka kwenye mbao na katoni ukawa mvuke. Usiku bati hupoa, mvuke hugusa dari baridi, hugeuka matone, na matone huangukia mzigo. Watu wa meli huiita mvua ya kontena. Huzidi meli inapotoka ukanda wa joto kuelekea wa baridi, na hunyesha hata ndani ya kontena lisilo na tundu hata moja.

Plastiki iliyoviringishwa moja kwa moja juu ya mbao huzidisha tatizo. Unyevu uliomo unakosa pa kutokea. Joto likipanda, unakuja hadi juu ya mbao na kukwama chini ya plastiki. Joto likishuka, unageuka umande. Wiki sita za hali hiyo zinatosha kuifanya vanishi iwe na mawingu meupe, kulegeza gundi ya zamani kwenye viungo, na kuotesha ukungu, ambao hustawi unyevu wa hewa unapokaa juu ya asilimia 80 hivi. Nawe ulikuwa unapanga kuiacha meza humo wiki sita za bahari, na kabla yake miezi mitatu mingine nyumbani.

Kwa hiyo miezi yako mitatu ni hazina, ila kazi yake ibadilike. Miwili ya mwanzo iwe ya kukausha, kusafisha, kutengeneza na kupunguza. Kufunga ni kazi ya siku mbili tatu za mwisho.

Tuanze na meza. Mwite fundi seremala mwenye kipimo cha unyevu wa mbao, kile chenye ncha mbili za kuchomeka. Mbao iliyokaa ndani ya nyumba kavu husoma kati ya asilimia 8 na 12. Ikisoma 16 au zaidi, isogeze mbali na ukuta, iweke kwenye chumba kinachopitisha hewa, mbali na jua, kisha uiachie muda. Usiianike nje wala usiiwekee hita kwa karibu, maana uso ukikauka kabla ya kiini mbao hupasuka. Ukaushaji salama unakwenda polepole, na ndiyo sababu nakuhimiza uanze wiki hii.

Wakati huo huo kagua wadudu. Chini ya meza na kwenye fremu za viti, tafuta vitundu vidogo vya duara. Vitundu peke yake huenda ni vya miaka mingi iliyopita na havina neno. Vipanguse, tandaza karatasi nyeupe chini yake, urudi baada ya wiki moja. Ukikuta unga mpya laini juu ya karatasi, wadudu wangali hai, na dawa ya kupaka juu juu haitawafikia viluwiluwi waliomo ndani. Hapo mtafute mwenye leseni ya kufukiza, akupe cheti, kwa kuwa bandari unakokwenda wanaweza kukiulizia.

Kuna jambo jingine la meza ambalo wafungaji wengi hawaligusi, nami naliona kubwa kuliko kufunga kwenyewe. Mbao hupanuka na kusinyaa kwa upana. Urefu wake karibu haubadiliki. Meza yenye upana wa mita moja ikitoka mahali penye unyevu mwingi ikaingia kwenye nyumba inayopashwa joto majira ya baridi, inaweza kusinyaa sentimita moja hadi mbili. Mwambie fundi atazame jinsi uso ulivyoshikwa kwenye fremu. Kama umebanwa kwa skrubu zilizokazwa kabisa kwenye matundu yanayozitosha tu, au umegandishwa kwa gundi upana wote, uso huo hautakuwa na nafasi ya kusogea na utapasuka katikati, pengine miezi kadhaa baada ya kufika, wakati hakuna tena anayekumbuka safari. Ayarefushe matundu ya skrubu ili uso uweze kucheza. Ni kazi ya saa chache, na inaiokoa meza.

Najua pia utatamani ipigwe msasa na kupakwa vanishi mpya ili ifike inang'aa. Iache kwa sasa. Vanishi huonekana kavu mapema lakini hukomaa kwa wiki kadhaa. Ikifunikwa kabla ya kukomaa, nyuzi za blanketi hujichora juu yake, na michoro hiyo haitoki bila kupiga msasa upya. Nta nzito nayo ngoja uipake ukishafika. Sasa ifute kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kisha kwa kikavu, basi.

Siku ya kufunga ikifika, piga picha kila kiungo kabla ya kukifungua. Bolti na nati za kila mguu ziingie kwenye mfuko wake mdogo, andika "meza ya chakula, mguu wa mbele kushoto", kisha mfuko ufungwe kwa kamba kwenye mguu huo huo. Selotepu isiguse vanishi mahali popote. Tabaka la kwanza liwe karatasi nyeupe isiyo na wino, la pili blanketi nene, la tatu kadibodi ya mawimbi, na pembe zote nne ziongezewe unene. Plastiki yenye viputo isilale juu ya mbao iliyopakwa vanishi. Joto likipanda, viputo huacha alama za duara. Uso wa meza usafiri umesimama kwa ubavu. Ukilazwa, mpakiaji ataugeuza rafu na kuupandishia katoni. Viti havina mengi: vigeuzwe viwili viwili, kalio kwa kalio, blanketi katikati, na kila mguu uvishwe kadibodi.

Makochi ya ngozi yanahitaji busara hiyo hiyo, na zaidi kidogo. Ngozi iliyobanwa na plastiki kwenye joto hushikamana nayo na kubadilika rangi. Yasafishe mapema na uyapake mafuta ya ngozi angalau wiki tatu kabla ya safari ili yanyonywe kabisa, maana mafuta yaliyobaki juu ni chakula cha ukungu. Toa miguu, fyonza makombo na vumbi hadi ndani kabisa ya mikunjo, kisha funika kwa shuka za pamba, blanketi na kadibodi. Kama watu wa kampuni watasisitiza kuviringisha plastiki nje ya blanketi ili lisichafuke kwenye lori, wakubalie kwa sharti la kuichana kabla mlango wa kontena haujafungwa.

Kabati la chipubodi nakushauri uliache. Chipubodi ni chembe za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi. Kingo zake zikipata unyevu huvimba na hazirudi tena, na matundu ya skrubu hulegea kila unapolifungua na kuliunga upya. Likisafiri zima, lenye upana wa mita 1.8, kina cha mita 0.6 na kimo cha mita 2.1, linakula zaidi ya mita 2 za ujazo, nawe unalipia ujazo. Mpe anayelihitaji, au uliuze. Nafasi hiyo itatosha meza, viti na sehemu kubwa ya vitabu. Pia pima milango, ngazi na lifti za nyumba unayohamia kabla ya kuamua kuhusu makochi. Nimeona kochi zuri likivuka bahari salama na kukwama kwenye kona ya ngazi.

Friji na mashine ya kufulia zinahitaji swali moja kabla ya yote: umeme wa huko ukoje? Nchi nyingi hutumia volti 220 hadi 240 kwa Hz 50, Hz ikiwa ni idadi ya mizunguko ya umeme kwa sekunde. Marekani na Kanada hutumia volti 120 kwa Hz 60. Transfoma hubadilisha volti, haibadilishi Hz, na mota nyingi za vyombo kama hivi zimetengenezwa kwa Hz maalumu. Soma kibandiko nyuma ya kila chombo. Kikionyesha Hz 50 peke yake na unakokwenda ni 60, kiache. Kama vinaendana, izime friji siku mbili kabla, iyeyuke, ifute, uiache mlango wazi ikauke hadi kwenye mpira wa mlango, na isafiri wima huku mlango umeachiwa upenyo mdogo wa hewa. Mashine ya kufulia imwagwe maji yote, pamoja na yale ya kwenye kichujio na mabomba, halafu pipa lake lifungwe kwa bolti za safari zilizokuja nayo ilipokuwa mpya. Kama zimepotea, agiza nyingine kwa namba ya modeli, kwa kuwa pipa lisilofungwa likipigwa na mawimbi kwa wiki kadhaa huvunja vishikizo vyake.

Vitabu viingie kwenye katoni ndogo, zisizozidi kilo 20, zijazwe hadi juu, maana katoni yenye pengo hubonyea ikipandishiwa nyingine. Sahani zisimamishwe kwa ukingo, kila moja na karatasi yake. Zulia lifyonzwe vumbi, likauke, liviringishwe na lisikunjwe. Droo ziende tupu.

Udongo watu huudharau. Australia na New Zealand hukagua sana chembe za udongo, mbegu na majani kwenye baiskeli, viatu, zana za bustani na samani za nje. Kinachokutwa kichafu husafishwa au kufukizwa kwa gharama yako, au huteketezwa. Sugua tairi na soli kwa brashi, kausha, kisha uende kwenye samani za mianzi na mikeka, ambazo hukaguliwa kwa jicho kali zaidi. Na kama mtatengenezewa makasha ya mbao, mbao zake ziwe na muhuri wa ISPM 15, kanuni ya kimataifa ya mbao za kufungia mizigo, wenye alama ya suke la ngano na herufi za IPPC. Maana yake zimepashwa joto hadi nyuzi 56 kwenye kiini kwa dakika 30, au zimefukizwa. Kasha lisilo na muhuri huo linaweza kuzuia mzigo mzima.

Hujataja meza yenu ni ya mbao gani. Muulize fundi. Miti yote ya jamii ya Dalbergia, mpingo ukiwamo, iko chini ya CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini kutoweka, tangu Januari 2017. Kuna msamaha kwa vitu vilivyokwisha kutengenezwa ambavyo mbao yake haizidi kilo 10 kwa shehena, lakini meza nzima itaupita uzito huo. Ikiwa ni hivyo, kibali kiombwe sasa, kwa sababu hakipatikani mzigo ukiwa njiani. Pembe za ndovu na gamba la kasa, hata kama ni nakshi ndogo tu, ni hatari kuvisafirisha bila kibali.

Sasa nirudi kwenye wazo lako la kufunga mwenyewe ili kuokoa fedha. Kila ulichofunga huandikwa kwenye orodha kwamba kimefungwa na mwenye mali, na mikataba mingi ya bima ya vitu vya nyumbani hailipi kuvunjika kwa vitu vya namna hiyo. Hulipa tu kontena likipotea au likiungua. Funga mwenyewe vitabu, nguo na mashuka. Meza, makochi, vioo na vyombo vya udongo waachie wafungaji, wewe ukisimama pale kusema kipi kitangulie, karatasi au plastiki. Hiyo ndiyo akiba ya kweli. Kabla ya kusaini bima, uliza kwa maandishi kama inalipa ukungu na unyevu, kwa kuwa mara nyingi haviko hadi uviombe, na uliza itakuwaje kiti kimoja kati ya sita kikivunjika.

Usiitegemee meli ikulipe. Chini ya kanuni za Hague-Visby, zinazotumika katika nchi nyingi, msafirishaji anaweza kuishia kulipa SDR 666.67 kwa kifurushi au SDR 2 kwa kilo, kiwango kilicho kikubwa kati ya hivyo viwili. SDR ni kipimo cha fedha cha Shirika la Fedha la Kimataifa. Kama hati ya shehena inasema tu "kontena moja la vitu vya nyumbani", kontena zima laweza kuhesabiwa kifurushi kimoja. Dai idadi ya vifurushi iandikwe. Tena kuna hasara ya pamoja. Meli Ever Given ilipokwama kwenye Mfereji wa Suez kwa siku sita mwezi Machi 2021, mwenye meli alitangaza hasara ya pamoja, na wenye mizigo, hata wale ambao vitu vyao havikuguswa, wakatakiwa kuweka dhamana ya kuchangia gharama za kuinasua kabla ya kukabidhiwa mali. Mwenye bima kamili huachia kampuni ya bima ishughulike. Asiye nayo hutoa mfukoni.

Orodha yako iwe na ukweli wa kutosha kumwezesha mtu wa forodha kuelewa bila kufungua: "katoni 14, sufuria na sahani", si "vitu mbalimbali". Andika namba za vyombo vya umeme, na majina yafanane na pasipoti herufi kwa herufi. Usinunue samani mpya za kwenda nazo. Umoja wa Ulaya, kwa mfano, husamehe ushuru kwa vitu ulivyomiliki na kutumia angalau miezi 6 kabla ya kuhama, ikiwa umeishi nje ya Umoja huo angalau miezi 12 mfululizo na ukaviingiza ndani ya miezi 12 baada ya kuhamia. Marekani huangalia kama vilitumika nyumbani mwako angalau mwaka mmoja. Rangi, petroli, mitungi ya gesi, dawa za kuua wadudu na betri za lithiamu zilizo peke yake visipakiwe kabisa.

Siku ya kupakia, ingia ndani ya kontena tupu, mwambie mtu afunge milango, utazame juu na pembeni. Ukiona mwanga, likatae. Shika sakafu yake. Ikiwa na unyevu au harufu kali, likatae pia. Mvua ikinyesha, upakiaji usubiri. Vizito viwe chini na vigawanywe pande zote mbili, pasibaki mwanya wa kuyumba. Juu ya mzigo tandazeni kadibodi au mablanketi ya kupokea matone. Mifuko ya kloridi ya kalsiamu itundikwe ukutani, ifunguliwe dakika za mwisho kabisa maana huanza kunyonya papo hapo, na isikaribie ngozi wala chuma kwa sababu maji inayokusanya yana chumvi. Mifuko midogo ya silika inafaa ndani ya droo na katoni zilizofungwa. Mlango ukifungwa, piga picha ya lakiri na namba yake.

Mzigo ukifika, linganisha namba hiyo kabla lakiri haijakatwa. Andika kila dosari kwenye karatasi ya kupokelea kabla ya kusaini. Kwa dosari isiyoonekana mara moja, kanuni nilizozitaja zinatoa siku tatu za kumwarifu msafirishaji kwa maandishi, na mwaka mmoja wa kumshtaki. Muda wa bima ni mwingine, usome kwenye mkataba wako. Meza ifunguliwe siku hiyo hiyo lakini isisogezwe karibu na chombo cha kupasha joto, na skrubu zikazwe kwa wastani, kisha zitazamwe tena baada ya mwezi, mbao ikishazoea hewa mpya.

Fundi akishapima, niandikie kipimo kimesomaje na mbao ni ya mti gani. Ikiwa juu ya 16, au ikiwa ni mpingo, mpango wa wiki zinazofuata itabidi tuupange upya.